Fomu ya Kumpendekeza Profesa Semhando

Fomu imefika saa tatu asubuhi,
nami niko maabara ya kiwanda, Pongwe,
vumbi la saruji limenikaa kwenye kope.
Nimeichapa. Wanataka jina la mwalimu bora wa chuo
na sababu, kwa maneno yasiyozidi mia mbili.

Jina: Mwanajumbe Semhando.
Hapo sikusita.

Somo: nguvu za maada.
Yaani kitu gani hukatika, lini, na kwa nini.

Machapisho ya mpendekezwa:
Yapo, nadhani, huko yanakokaa machapisho.
Ninachokijua mimi ni chaki.
Siku ya kwanza aliingia na boksi zima,
akatugawia mbili mbili kama tende za kufuturia.
"Moja ipindeni. Moja isokoteni, kama mnakamua kanga."
Darasa zima likalia ka, ka, ka.
Iliyopindwa ikakatika sawasawa, kama kisu kimepita;
iliyosokotwa ikakatika mshazari,
ncha imechongoka, imejizungusha.
"Chaki ni ile ile. Mbona majeraha mawili?"
Akakaa. Dakika kumi na moja hakusema neno.
Nilizihesabu. Sijapata kuona mtu mzima
akiuvumilia ukimya wetu namna ile.

Mbinu za ufundishaji (weka alama ya vema):
visanduku vitano, na hamna hata kimoja
cha Kilua wa safu ya nyuma, mwenye kigugumizi,
aliyeuliza swali lililochukua dakika nzima kutoka,
na mama yule hakummalizia hata silabi.
Kisha akasema mbele yetu: "Sijui."
Kesho yake alikuja macho mekundu,
akaandika ubaoni, juu kabisa: SWALI LA KILUA.
Mpaka tunahitimu tuliliita hivyo.
Walio nyuma yetu, nasikia, bado wanaliita hivyo,
hawajui Kilua ni mtu au ni kanuni.

Na mimi je? Basi niseme.
Mwaka wa pili nilinakili jaribio kwa Mtoi,
tarakimu kwa tarakimu, hadi nukta.
Karatasi ikarudi bila mkato mwekundu,
penseli tu, mwandiko mdogo pembeni:
"Jibu ni sahihi. Njia si yako. Njoo."
Nikaenda kwa baiskeli ya kuazima,
Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
nimejiandaa kwa maneno makali, hata kwa machozi.
Alikuwa anachagua mchele. Akausogeza ungo,
akanipa daftari tupu na chai ya mchaichai.
"Anza pale unapopotea."
Nilipotea tangu mstari wa kwanza.
Tulimaliza isha ikiadhiniwa,
mchele bado una mawe.

Maneno mia mbili yamekwisha zamani.
Mashine yangu inabana mchemraba wa zege
wenye umri wa siku ishirini na nane;
mshale unapanda, unapanda, halafu mlio.
Kijana wa mafunzo ananitazama, anataka nimwambie
kwa nini ufa umepita hapa, haukupita pale.
Simwambii.
Dakika ya tatu nusura nipasuke mimi.
Kumbe ilikuwa kazi nzito, kukaa kwake kule.

Wakimpa tuzo, pengine itakuwa ya kioo,
naye ataigeuzageuza mbele ya wageni wa heshima
aone itavunjikia wapi.

Mwisho wa ukurasa, mstari mtupu:
Sahihi ya anayependekeza.
Nimelikodolea macho neno hilo, sahihi,
kalamu mkononi, kijana bado anasubiri.
Kisha nikaandika jina langu, polepole,
herufi zinapinda kama zinavyopinda siku zote,
njia yangu.